Lincoln Kabla ya Ikulu

Kabla ya kuwa Rais wa Marekani, Abraham Lincoln alikuwa mbunge wa jimbo la Illinois, kazi inayokaribiana na ya MCA wetu. Aliishi New Salem, kijiji kidogo, akiwa pia mkuu wa posta. Alishindwa uchaguzi wa 1832, akashinda 1834, akakaa mihula minne.

Mwaka 1837 aliunga mkono mpango wa kukopa mamilioni ya dola kujenga reli na kuboresha mito. Kaunti zisizopata mradi zilitengewa dola 200,000, nani angepinga? Mwaka huohuo uchumi ukaporomoka. Reli nyingi hazikukamilika, na jimbo likashindwa kulipa hata riba. Lincoln aliondoka bungeni. Deni likabaki kwa walipa ushuru miaka mingi.