KICHAA CHA MBWA

Mbwa mwenye kichaa amekuuma. Katika mate yake mna virusi, vijidudu vidogo mno. Virusi hivyo havipiti katika damu, ambamo askari wa mwili wamejaa. Huingia katika mishipa ya fahamu, vikajificha humo, vikaenda polepole hadi kwenye ubongo. Safari yaweza kuchukua miezi 2 au 3. Jeraha limepona, nawe umekwisha sahau! Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa.

Basi usingoje. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15. Siku hiyo hiyo nenda hospitali ukachomwe sindano ya chanjo. Chanjo huwaamsha askari kabla virusi havijafika kwenye ubongo. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa alichomwa chanjo ya Louis Pasteur. Hakuugua.