Kufundisha Sheria Inayobishaniwa: Mfano wa Katazo la Kufunika Uso

Katika somo la uraia, darasa la sita au la saba, mwalimu hufika mahali ambapo hawezi tena kusema kwamba sheria ni amri ya nchi kisha akapita. Wanafunzi huuliza: je, sheria yaweza kupitishwa kwa njia halali, na bado watu wenye busara wakaikataa? Makala haya yanaeleza namna ya kulifundisha swali hilo kwa mfano wa sheria ya Ufaransa inayokataza kufunika uso hadharani. Nimeichagua kwa kuwa maneno yake ni machache na nchi yenyewe iko mbali. Hata hivyo, jambo lenyewe haliko mbali nasi, kwani katika madarasa yetu mengi wamo watoto ambao mama zao huvaa nikabu.

Hilo la mwisho lataka uangalifu. Nimepata kumsikia mwalimu mwanafunzi, katika mazoezi ya kufundisha, akianza kwa swali hili: "Je, ni vizuri mwanamke kufunika uso?" Darasa lilichangamka mno. Lakini swali lile halikuhusu sheria. Lilimhusu mama wa mtoto mmoja aliyeketi palepale, na mtoto yule hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia. Uliza juu ya sheria: inakataza nini, kwa sababu gani, na inamgusa nani?

Basi anza na maneno yenyewe. Andika ubaoni kifungu cha kwanza: hakuna mtu anayeruhusiwa, mahali pa umma, kuvaa vazi lililokusudiwa kuficha uso. Waache wanafunzi watafute neno "nikabu" au "Uislamu". Hawataliona. Kisha waambie ni nani hasa aliyeguswa: serikali ilikadiria kuwa mwishoni mwa 2009 wanawake wapatao 1,900 walivaa vazi la kufunika uso katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Sheria ilipitishwa mwaka 2010 na ikaanza kutumika tarehe 11 Aprili 2011. Faini yake haizidi euro 150; lakini anayemlazimisha mwenziwe kufunika uso aweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 30,000. Tofauti ya adhabu hizi mbili yafaa kujadiliwa kwa muda mrefu, maana hapo wanafunzi huanza kuona lile ambalo watunga sheria walidai kulilinda.

Usisahau kuchora ubaoni ushungi na nikabu. Watoto huzichanganya, hata na walimu pia. Ushungi hauzuiwi barabarani Ufaransa. Katazo lake kwa wanafunzi wa shule za serikali ni sheria nyingine, ya mwaka 2004.

Sheria hii ina ruhusa zake: afya, kazi, michezo, sherehe za jadi. Hapa liingize neno "barakoa". Wazee wa pwani walilijua kama kifuniko cha uso cha wanawake. Tangu 2020 watoto wetu wanalijua kama kinga ya maradhi. Mwaka ule Ufaransa iliwaamuru watu wafunike pua na mdomo ndani ya mabasi na maduka, na sheria ya 2010 ikiwa ingali inatumika. Mpe mwanafunzi nafasi ya kustaajabu, kisha mrudishe kwenye neno "afya" katika zile ruhusa.

Kuhusu sababu, tumia kesi ya mwanamke kijana Mfaransa aliyejulikana kwa herufi S.A.S. tu. Alisema hakulazimishwa na mtu, na kwamba alikuwa tayari kuonyesha uso penye ukaguzi. Tarehe 1 Julai 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, haikuridhika na hoja ya usalama, lakini ilikubali hoja ya "kuishi pamoja", yaani kwamba watu wa jamii moja huhitaji kuonana nyuso. Majaji 15 waliiunga mkono sheria, 2 wakapinga. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika malalamiko ya wanawake wengine wawili, iliona kinyume: haki zao zilivunjwa. Vyombo viwili, sheria moja, majibu mawili. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa somo, wala mwalimu asiharakishe kuwapatanisha.

Likiwapo darasa jepesi, ongeza Chad, iliyokataza kufunika uso Juni 2015 baada ya mashambulizi ya mabomu mjini N'Djamena. Nchi hiyo ina Waislamu wengi, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama.

Wanafunzi watakuuliza wewe waonaje. Jibu, lakini jibu mwishoni, baada ya madaftari kufungwa. Kipindi kimoja hakitoshi. Tenga viwili, na katika cha pili kila mwanafunzi aandike aya moja ya kuitetea sheria na nyingine ya kuipinga, kisha ampe jirani yake akisie ni ipi aliyoiandika kwa moyo.