Pilipili Ikiunguza Mikono

Wengi wetu tuna mche wa pilipili kichaa nyuma ya nyumba. Ikifika siku ya kuzichambua ili zikauke, mama hukaa mkekani na nusu debe, mikono mitupu. Jioni vidole vinawaka. Anavitia kwenye maji, vinapoa. Akivitoa tu, moto unarudi. Kwa nini?

Wengi tunadhani ukali uko kwenye mbegu. Sivyo. Umejaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Kitu chenyewe kinaitwa kapsaisini. Hakiyeyuki vizuri kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ni sawa na kuosha sufuria ya mafuta bila sabuni: maji yanapita juu, mafuta yanabaki.

Basi mikono ikiwaka, paka mafuta ya kula, tena mengi, mpaka chini ya kucha. Yafute kwa kitambaa. Halafu osha kwa sabuni na maji baridi. Rudia mara mbili au tatu. Maji ya moto yaache, yanazidisha maumivu.

Maumivu huweza kukaa saa kadhaa, hata kama ngozi haina jeraha. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, na wenzake walionyesha kwamba pilipili huamsha kile kile kinachotambua moto katika mishipa yetu ya fahamu. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kumbe mwili unadanganywa!

Jicho ni habari nyingine. Usitie mafuta, wala sabuni, wala maziwa ya mama kama wengine wanavyofanya. Mimina maji safi kwa dakika 15, bila kusugua. Likizidi kuuma, au ukiona ukungu, nenda zahanati.

Mama anayenyonyesha amwachie mwingine kazi hii, maana mkono unaodhaniwa safi ndio unaomshika mtoto usoni. Na akina baba, msicheke: siku ya pilipili naweni kabla ya kwenda chooni, si baada tu.

Unapochuma, shika kikonyo. Unapokata, paka mikono mafuta kwanza. Pilipili kavu zitwangwe nje, upepo ukitoka mgongoni, na kitambaa puani. Kinu kioshwe kwa sabuni kabla ya kutwangia karanga za uji wa mtoto.