MAJI YA MJINI NA MSHAHARA WA MFANYAKAZI
Somo la kujadiliwa matawini



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi na likizo. Safari hii tunaomba matawi yajifunze jambo ambalo haliandikwi katika karatasi ya malipo, lakini linakula mshahara kila siku. Jambo hilo ni maji. Tunatumia mfano wa Kampala, mji ulio karibu kabisa na Ziwa Victoria, ambamo wengi wetu bado wananunua maji kwa jerikeni.

Ubaguzi ulianzaje?

Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi. Wazungu walikaa juu ya vilima vya Nakasero na Kololo. Wahindi walikuwa katika sehemu za biashara. Mwafrika aliyekuja kutafuta kazi aliishi zaidi nje ya mpaka wa mji, katika Kibuga kilichokuwa chini ya serikali ya Buganda kule Mengo: Katwe, Kisenyi na kwingineko. Mabomba ya maji safi na ya maji taka yaliwekwa mahali walipokaa wakubwa. Nyumba zilizojengwa Nakawa na Naguru kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika hazikutosha, na mwaka 2011 wapangaji wake waliondolewa, zikabomolewa.

Baada ya Uhuru, mwaka 1968, mpaka wa mji ulipanuliwa. Mwaka 1972 likaundwa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Shirika limefanya kazi kubwa: mitambo ya Gaba imeongezwa, na mtambo mpya umejengwa Katosi. Hata hivyo, mpaka wa mji huhamishwa kwa kalamu, lakini bomba halihamishwi kwa kalamu. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 1.5 Kampala, na wengi wao wanaishi mabondeni, kama vile Bwaise, Katanga na Namuwongo.

Kwa nini bomba halimfikii mpangaji?

Kwanza ni ardhi. Tangu Mapatano ya 1900 sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda ni mailo, mali ya watu binafsi. Juu ya ardhi hiyo kuna wenye vibanja, na juu ya vibanja kuna nyumba za muzigo, yaani chumba kimoja kimoja cha kupanga. Mpangaji hana hati, na bila idhini ya mwenye nyumba hawezi kuingiza maji.

Pili ni gharama ya kuanzia. Mwenye bomba nyumbani hulipa baada ya kutumia. Asiye na uwezo wa kulipia mabomba na fundi kwa mara moja hubaki kununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo bei ghali kuliko zote.

Tatu, kati ya shirika na mnunuzi huingia watu wengine: mwenye bomba, mwangalizi wa bomba, na mchuuzi mwenye baiskeli. Kila mmoja huongeza chake. Hatuwalaumu wachuuzi, maana nao wanatafuta riziki. Kosa ni la mpango unaomwacha maskini alipie mikono yote hiyo.

Tufanye hesabu

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na jerikeni 50 za lita 20. Tuchukue familia ya watu watano inayotumia jerikeni 6 kwa siku. Hizo ni lita 24 tu kwa kila mtu, za kunywa, kupika, kufua na kuoga. Kwa siku 30 ni jerikeni 180. Jerikeni ikiuzwa shilingi 50, familia italipa shilingi 9,000. Ikiuzwa shilingi 200, italipa 36,000. Tofauti ya shilingi 27,000 imetoka mshaharani, na mwajiri hakuigusa. Kila mmoja aweke bei ya mtaa wake afanye hesabu yake.

Hatujahesabu bado saa za akina mama na watoto kwenye foleni, wala ugonjwa. Asiyemudu bei huenda chemchemini, na chemchemi za mabondeni ziko chini ya vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha Bwaise hufurika, na uchafu huchanganyika na maji. Kipindupindu cha 1997 na 1998 kiliipiga mitaa hii vibaya, na mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala. Tena uchafu haukai bondeni. Mtaro wa Nakivubo huupeleka kwenye ghuba ile ile ambako Gaba huchota maji ya mji. Kwa hiyo hata aliye kilimani hulipia gharama ya kuyasafisha.

Chama kifanye nini?

1. Kidai haki iliyomo katika sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa kazini. Hili linawahusu wa kiwandani na wa shambani sawasawa.

2. Maji yaingizwe katika mapatano. Kambi za mashamba ya miwa na chai zihesabiwe mabomba na vyoo kabla ya kukaa mezani na mwajiri.

3. Wapangaji wasiende mmoja mmoja. Wakiungana, wamwone mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa, waombe bomba la umma lenye bei iliyoandikwa wazi.

4. Wabunge watano wa wafanyakazi waulizwe. Katiba ya 1995 imeweka maji safi na salama miongoni mwa malengo ya taifa. Waeleze wamefanya nini.

Maswali ya kujadili

(a) Jerikeni moja inauzwa bei gani mtaani au kambini kwenu, na nani huipanga?
(b) Mwezi uliopita wenzetu wangapi walikosa kazi kwa ugonjwa wa tumbo?
(c) Tawi litaanza na dai lipi?

Majibu yaandikwe na kuletwa katika mkutano ujao. Anayekwenda mezani na hesabu mkononi hajibiwi kirahisi.