Sifa Yenye Mwiba Baina ya Marafiki wa Kike

Swali: Rafiki yangu huniambia, "Shoga, gauni limekupendeza, limekuficha tumbo." Je, hiyo ni sifa au kijembe?

Jibu: Ni yote mawili, na ndiyo sababu humwacha msikiaji hana la kunena; kwani akikasirika huambiwa hajui kupokea sifa, na akinyamaza huondoka na fedheha ambayo hakuja nayo. Maneno hayo ni dhuluma, ijapokuwa aghalabu msemaji hakuyakusudia hivyo.

Swali: Yatoka wapi, basi?

Jibu: Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kuwa binadamu, akosapo kipimo cha hakika, hujipima kwa wenziwe, hasa wale wanaofanana naye kwa hali, na ni nani afananaye nawe kuliko shoga uliyekua naye mkigawana doti moja ya kanga? Mwenye wasiwasi na umbo lake, amwonapo mwenziwe amependeza, humsifu, kisha huipunguza sifa ile papo hapo, ili mizani isimlemee yeye.

Swali: Mbona "umekonda" nalo huumiza?

Jibu: Katika pwani yetu unene wa kiasi ulihesabiwa dalili ya afya na raha ya ndoa; tena tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea Afrika Mashariki, kukonda ghafla kukafungamana na tuhuma, hata aliyeambiwa neno hilo akahisi anaulizwa siri ya damu yake. Baadaye picha za majarida, na sasa za simu, zikautukuza wembamba. Hapana umbo liwezalo kuridhisha matakwa hayo yote.

Swali: Nimvalie rafiki huyo kanga yenye jina la kumchoma?

Jibu: La, hasha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950, alipokejeliwa kwa sura yake aliwajibu wapinzani kwa wimbo, na alistahili kufanya hivyo, kwa kuwa wale walikuwa mahasimu waliomtusi hadharani. Rafiki hajibiwi kwa fumbo. Mwite faraghani, umwambie waziwazi: "Neno lile la tumbo langu limeniumiza, ukitaka kunisifu, nisifu, uishie hapo." Akiomba radhi, msamehe kwa moyo mkunjufu, nawe uuchunge ulimi wako kwake, lakini akikucheka na kurudia, usimfiche kwamba amekosa, wala usimpe tena fursa ya kuuhukumu mwili wako.