Pikipiki ya Chama: Kwa Wakala au kwa Mikono ya Chama?

Chama cha msingi cha wakulima wa korosho aghalabu kina chombo kimoja tu cha usafiri, nacho ni pikipiki. Kwa chombo hicho katibu hufika kwenye matawi, hupeleka hati ghala kuu na hufuata benki. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, kazi ya hati imekuwa kubwa zaidi. Hati zisipofika kwa wakati, orodha ya malipo haikamiliki. Hapo mkulima ambaye korosho yake imekwisha kuuzwa hungoja fedha zake kwa sababu tu pikipiki imelala uani.

Katika mikutano ya bodi hoja mbili husikika. Wajumbe wengine hushikilia kwamba mali ya chama isiguswe na mtu ila wakala aliyeiuza. Wengine husema wakala ni ghali, na kwamba vijana wa kijijini wanajua kila kitu. Kila upande una ukweli wake, lakini swali lenyewe limeulizwa vibaya, kwani matengenezo ya pikipiki si kazi ya namna moja. Zipo kazi ambazo kumlipa wakala ni kutupa fedha za wanachama, na zipo nyingine ambazo kuzifanyia chini ya mwembe ni kuzitupa fedha hizo hizo kwa njia ya pili.

Kabla ya kuamua, bodi haina budi kupiga hesabu ya umbali. Tuchukue mfano wa chama kilichoko kilometa 90 kutoka mjini kwa wakala, na pikipiki inayobadilishwa oili kila kilometa 2,000. Kwenda na kurudi ni kilometa 180, yaani asilimia 9 ya mwendo wote wa pikipiki hiyo hutumika kufuata oili tu. Ikiwa inakwenda kilometa 12,000 kwa mwaka, safari ni sita na kilometa ni 1,080, pamoja na siku sita za kazi, posho za katibu na petroli. Gharama hizi hazionekani katika stakabadhi ya wakala, ndiyo maana husahauliwa. Lakini chama kilichoko kilometa 15 tu kutoka mjini kisijifiche nyuma ya hoja hii. Kwake safari ni asilimia moja na nusu, na wakala yumkini akawa nafuu.

Kazi ya kwanza inayofaa kufanywa chamani ni kubadilisha oili. Mafundi waliojifunzia pikipiki za zamani, kama Yamaha AG100, walizoea injini inayochoma oili yake pamoja na petroli. Wao waliongeza tu katika tangi lake. Pikipiki nyingi za siku hizi si za namna hiyo. Oili hukaa chini ya injini, huzunguka, huchafuka na kupoteza nguvu yake, kwa hiyo kuongeza juu ya ile chafu hakutoshi. Injini ipashwe moto kidogo, oili yote imwagwe chomboni, kizibo kirudishwe bila kukazwa kwa nguvu za ng'ombe (nyuzi zake zikikatika, gharama yake ni kubwa kuliko sevisi nyingi), kisha itiwe oili mpya kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima.

Jambo moja hapa halijulikani vya kutosha. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari hutiwa dawa ya kupunguza msuguano, na dawa hiyo huifanya klachi iteleze. Mnunuzi wa chama atazame juu ya kopo alama ya JASO MA, inayoonyesha kwamba oili hiyo inafaa kwa klachi ya namna hiyo. Oili rahisi isiyo na alama imekwisha kuharibu klachi nyingi, na lawama ikamwangukia dereva.

Kazi ya pili ni kichujio cha hewa. Katika barabara za mchanga na vumbi hicho ndicho kinga ya injini, nacho husafishwa mapema zaidi kuliko kitabu kinavyoagiza kwa barabara nzuri. Kichujio cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. Cha karatasi hakioshwi kamwe; hukung'utwa, na kikichakaa hubadilishwa. Mnyororo nao usafishwe, upakwe oili na upimwe ulegevu wake. Wengi huogopa mnyororo uliolegea, kumbe uliokazwa kupita kiasi ndio unaoua beringi. Ukichakaa, ubadilishwe pamoja na sproketi zake mbili, kwa maana meno yaliyolika huumaliza mnyororo mpya upesi. Plagi, upepo wa matairi na kukaza nati ni kazi za kila dereva.

Kwa upande wa wakala, kanuni ya kwanza ni dhamana ya kiwanda, ambayo wengi huiita waranti. Muda wake usipokwisha, masharti yake yafuatwe neno kwa neno, hata kama safari ni ndefu, na kadi ya sevisi igongwe mhuri kila mara. Baada ya muda huo, wakala abakiziwe kazi za ndani ya injini na gia, klachi, umeme, na breki za maji. Ikiwa karibu na chama yupo fundi mwenye mafunzo na vifaa vya kupimia, bodi yaweza kumpa baadhi ya kazi hizo, kwa bei iliyokubaliwa kwa maandishi na kwa vipuri vilivyonunuliwa na chama chenyewe. Fundi anayetengeneza na pia kuuza vipuri ana sababu mbili za kusema kifaa kimekufa.

Hapa ndipo mkaguzi anapotazama. Hati ya malipo iliyoandikwa "matengenezo ya pikipiki" bila zaidi haimwelezi mwanachama kitu. Iandikwe namba ya pikipiki, kilometa zilizosomwa siku hiyo, kazi iliyofanywa, na kila kifaa na bei yake. Kifaa kikuukuu kirudishwe stoo na kiandikwe. Plagi tatu zikinunuliwa katika miezi miwili, stoo ionyeshe tatu kuukuu. Zisipokuwapo, bodi ina swali la kuuliza.

Na mita ya kilometa isiachwe imekufa. Pikipiki hutembea vizuri bila mita, kwa hiyo huwa ya mwisho kutengenezwa. Kumbe pasipo mita hakuna ajuaye siku ya oili imefika, wala petroli imekwenda wapi. Kebo yake ni kitu kidogo. Mita isiyofanya kazi kwa miezi mingi si ubovu wa kebo tena.

Uamuzi wote uandikwe katika kumbukumbu za bodi: kazi zipi za chama, zipi za fundi, zipi za wakala, na nani anawajibika. Fungu lake liingizwe katika makisio ya mwaka, na sevisi kubwa ifanywe kabla ya Oktoba, msimu wa mauzo haujaanza.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Wakala wa karibu yuko kilometa ngapi kutoka chamani? Pigeni hesabu ya asilimia kama katika mfano.

2. Someni hati za matengenezo za mwaka uliopita. Je, mwanachama ambaye hakuwapo aweza kujua kilichofanywa?

3. Vifaa vikuukuu viko wapi?