Haidrojeni ya Bakteria wa Mwanga na Moshi wa Jikoni

Katika vijiji vya Mlola, wilayani Lushoto, chakula kingi bado hupikwa kwa kuni. Moshi wake huchangia nimonia kwa watoto na ugonjwa sugu wa mapafu kwa wapishi. Kwa hiyo gesi isiyotoa moshi, itengenezwayo na bakteria kwa nguvu ya jua, yafaa ieleweke sawasawa, hasa kwa wahudumu wa afya watakaoulizwa habari zake.

Mwaka 1949, Howard Gest na Martin Kamen wa Marekani walieleza kwamba Rhodospirillum rubrum, bakteria wa zambarau aishiye majini na topeni, hutoa haidrojeni anapomulikwa. Kimeng'enya kifanyacho kazi hiyo ni naitrojenezi, kilekile kilichomo katika vinundu vya mizizi ya maharage. Kazi yake ya asili ni kugeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia. Haidrojeni ni ziada tu. Bakteria akinyimwa naitrojeni, nguvu ya kimeng'enya huelekea kwenye haidrojeni. Akipewa amonia hukizima, na oksijeni hukiharibu kabisa.

Hapo ndipo mazoea ya biogesi yanapopotosha. Samadi na mkojo wa ng'ombe, vifaavyo sana kwa biogesi, vina amonia nyingi. Mabaki ya matunda na viazi hufaa zaidi: huchachushwa kwanza gizani, kisha asidi zipatikanazo hulishwa bakteria wa mwanga. Kwa hesabu ya kemia, molekuli moja ya glukosi hutoa molekuli 4 za haidrojeni gizani, na 12 hatua zote mbili zikitimia; kwa vitendo hupatikana pungufu. Watafiti huongeza mavuno kwa kuondoa jeni ya kimeng'enya kinachomwezesha bakteria kuitumia tena haidrojeni yake, au kwa kupunguza rangi zinasazo mwanga, ili walio juu wasiwatie kivuli walio chini. Milimani kuna kikwazo kingine: bakteria hawa hupenda joto la nyuzi 30 hivi, na usiku wa Usambara ni baridi.

Mgonjwa wa pumu, basi, asiingojee gesi hii, wala isijaribiwe nyumbani: haidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kwa sasa, mwenye ng'ombe afikirie biogesi; asiye nao atumie kuni zilizokauka, atoboe tundu la moshi, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika.